Tatu na Ushei

Kuna watu wanaojua kila kitu, halafu kuna Futikamba, ambaye alijua urefu wa kila kitu. Ukikaa naye sebuleni dakika kumi atakwambia meza yako ni mita moja na sentimita ishirini. Ukibisha ataipima, na balaa lake ni kwamba itatoka mita moja na sentimita ishirini kweli. Miaka thelathini na minne alikuwa mpima ardhi. Alipima mashamba, viwanja, barabara, hata makaburi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Ofisini, mtaani, mpaka kwa wakwe, aliitwa Futikamba kwa ajili ya ule utepe wa kupimia wa mita tano ambao hata baada ya kustaafu haukumtoka mfukoni. Naye aliitika kwa raha zake zote.

Lakini kilichomvimbisha kichwa hasa hakikuwa utepe. Kilikuwa mguu. Zamani chuoni waliwatembeza uwanjani hatua mia, wakapima umbali, wakagawanya. Hatua ya Futikamba ilitoka sentimita sabini na sita. Wakarudia mara kumi, ikatoka sabini na sita mara kumi. Mkufunzi akasema mbele ya darasa zima, "Wewe hata ukipoteza utepe, kazi itaendelea." Jamani, kuna maneno hayafai kuambiwa kijana wa miaka ishirini na moja! Sifa ile aliimeza na hakuitema tena maisha yake yote.

Mkewe alikuwa mkutubi, naye amestaafu, mtu wa maneno machache na macho mengi. Mwaka mmoja aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Majirani wanne walimtoa ndani wamemlaza kwenye shuka iliyolowa, wakampitisha mtaani mchana kweupe, na mtoto mmoja dukani akauliza kwa sauti, "Amekufa?" Mama wa watu aliyasikia yale. Alifungwa vyuma, akalala wodini wiki tatu, na siku ya kutoka alimwambia mumewe jambo moja tu.

"Mimi sibebwi tena. Ningali hai, sibebwi."

Hilo lingekuwa jambo la mama na fimbo yake, kama si mjukuu. Binti yao wa pekee na mumewe walikuwa walimu katika shule iliyo juu mlimani. Binti alijifungua kwa upasuaji, akarudishwa nyumbani na gari, na wiki iliyofuata mvua ikaling'oa kalavati. Barabara ikakatika. Kutoka pale kwenye kalavati hadi shuleni ni kilometa mbili na nusu za kupanda kwa miguu. Binti ameshonwa, haruhusiwi kushuka. Bibi ana vyuma nyongani, na pikipiki kaambiwa aisahau kabisa. Serikali ilisema kalavati litajengwa baada ya miezi sita. Basi bibi akawa anamwona mjukuu wake kwenye simu, akipapasa kioo kwa kidole.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali, mama mmoja mwenye mikono mizito na ulimi mwepesi, aliisikiliza habari yote kisha akatoa sharti. "Atembee kilometa tatu za tambarare kila siku, wiki mbili mfululizo. Akiziweza bila maumivu makali, nitamruhusu mbili na nusu za mlima. Chini ya hapo, nyonga hii itatuaibisha sote."

"Hesabu niachie mimi," alisema Futikamba.

Na ndipo saa ilipoingia. Binti aliagiza moja ya kuvaa mkononi, ile ya kuhesabu hatua, akampigia baba yake kumwelekeza namna ya kuitengeneza.

"Baba, hii ni ya bei ndogo, haina setilaiti, haioni barabara. Inahesabu mkono unavyopunga, ikijua hapo ni hatua. Halafu inazidisha hatua na urefu wa hatua yako. Wewe ingiza kimo chako tu, urefu wa hatua itakisia yenyewe."

"Ikisie?" Futikamba aliruka kitini. "Nikisiwe mimi?"

"Au kuna mahali pa kuandika mwenyewe, kama unaujua."

Kama anaujua! Aliandika sabini na sita, akabonyeza, akamwangalia mkewe kwa tabasamu la mtu aliyeulizwa jina lake kwenye mtihani. Hakutembea hatua hata moja kuhakikisha. Miaka arobaini na mitano ilikuwa imepita tangu siku ile ya uwanjani, magoti yalikuwa yanalia kila akisujudia sehemu ya chini ya kabati kutafuta kiatu, lakini nani angethubutu kumwambia? Saa akavaa yeye. Wawili wanaokwenda bega kwa bega, alisema, wanahitaji saa moja tu.

Wakaanza. Kila asubuhi waliondoka getini, mama na fimbo yake, mzee pembeni yake upande wa barabara ili magari yampitie yeye kwanza. Siku za mwanzo walifika kwa fundi viatu na kurudi. Baadaye wakafika kwa muuza matunda. Wiki ya saba wakafika kituo cha mafuta, na Futikamba akaitazama saa, akapiga kelele mpaka wajaza mafuta wakageuka.

"Kilometa moja na nusu! Tukirudi ni tatu! Tatu na ushei!"

Mkewe alikuwa ameegemea mti, jasho linamtiririka. "Ni mbali hivyo?"

"Saa imesema. Halafu mimi na wewe, nani mpima ardhi?"

Mama akacheka, akajikaza kisabuni, wakarudi. Tangu siku hiyo alizimaliza kila siku, na kila siku Futikamba alizitangaza. Aliandika kwenye daftari, akampelekea mtaalamu, akampigia mkwewe, akawaambia wastaafu wenzake kwenye foleni ya benki. Tatu na ushei. Mtu akiuliza hali ya mgonjwa, jibu ni tatu na ushei. Mtaalamu alimtazama mama akipanda ngazi mbili za chumba chake, akakunja uso kidogo, kisha akalitazama daftari.

"Haya," alisema. "Namba hazina ubishi. Nendeni, lakini polepole."

Siku moja kabla ya safari, Futikamba alitoka kununua betri za tochi. Pale nje ya geti akamkuta binti mmoja ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha kazi ofisini, siku hizi ndiye mkuu wa kitengo, anasukuma lile gurudumu la kupimia, la mpini mrefu.

"Shikamoo mwalimu wangu!"

"Marahaba. Mnatafuta nini mtaani kwetu?"

"Bomba jipya la maji, mzee. Nimetoka kituo cha mafuta, naishia hapa getini kwako." Akainama kusoma. "Mia tisa na tisini."

"Mia tisa na tisini nini?"

"Mita, mzee."

Futikamba alicheka. Alicheka sana, kupita kipimo. "Gurudumu lako bovu hilo. Kutoka hapa hadi kule ni elfu moja na mia tano."

Yule binti alikuwa na adabu. Hakubisha. Alisema tu, "Tumelipima asubuhi hii kabla ya kutoka, mzee, lakini nitaliangalia tena." Na jinsi alivyolisema, kwa upole, kama mtu anayemfungia mtoto kifungo, ndiko kulikomchoma.

Betri hakununua. Alirudi ndani, mkewe yuko jikoni, akaingia kwenye ile korido ndefu ya vyumbani, akachora mstari wa chaki sakafuni. Akatembea hatua kumi anavyotembea siku zote akiwa peke yake. Akatoa utepe. Mita sita na sentimita ishirini. Sitini na mbili, basi, si sabini na sita. Kisha akajilazimisha kutembea kama wanavyotembea asubuhi, yeye na fimbo ya mkewe, taratibu, mguu ukisubiri mguu. Hatua kumi. Akapiga magoti, akanyoosha utepe, akasoma, akausoma tena baada ya kuvaa miwani.

Mita tano kamili.

Hamsini! Saa ilikuwa inaipa kila hatua sentimita ishirini na sita za bure. Kadiri walivyokwenda kwa hatua fupi ndivyo hatua zilivyokuwa nyingi, na kadiri zilivyokuwa nyingi ndivyo saa ilivyowapa kilometa. Tatu na ushei ilikuwa mbili kasoro. Mzee alijaribu kuirefusha hatua mpaka ifike sabini na sita, paja likamvuta, akashika ukuta. Sabini na sita haikuwapo tena popote. Akaifuta chaki kwa soksi.

Alikuwa na muda wa kusema. Hili ndilo lililomla baadaye, kwamba muda alikuwa nao tele. Jua lilikuwa bado juu, simu iko mezani, begi halijafungwa. Lakini aliona sura ya mtaalamu na daftari lake. Aliwaona wastaafu wenzake kwenye foleni. Alimwona mkwewe, mwalimu wa hesabu, mwenye tabia ya kukaa kimya mtu akikosea. Akajiambia kama mtu anaweza mbili, nusu moja haiwezi kumshinda. Akajiambia mengine mengi ya namna hiyo.

Mkewe alikuwa anakunja sweta za mtoto, sita, alizofuma mwenyewe alipokuwa kitandani. Hakuinua kichwa alipouliza.

"Mzee, una hakika ni tatu?"

"Kwa nini?"

"Leo niliporudi nyonga ilikuwa inachoma. Mimi naogopa kule njiani. Kama mbili na nusu itanizidi, niambie. Sitakasirika, nitangoja hilo kalavati lao." Hapo akamtazama. "Ninachotaka nisibebwe tu. Unanielewa?"

Naye Futikamba, mume wa ndoa ya miaka arobaini, hakupepesa hata macho.

"Tatu na ushei," alisema. "Bibie, umesahau umeolewa na mpima ardhi?"

Mama akacheka, akafunga begi.

Waliteremka garini kwenye kalavati asubuhi, hewa ikiwa bado baridi. Njia ilikuwa nyekundu, pana ya kutosha watu wawili, na mama alianza vizuri mno, akipiga stori za mjukuu, akiuliza pua ni ya nani. Futikamba alibeba begi na kuitikia. Hakuangalia maua wala bonde. Aliangalia mguu wa mkewe, na kila ulipokanyaga moyo wake ulikanyagwa.

Baada ya nusu saa stori zikapungua. Baadaye zikaisha. Mama akawa anaegemea fimbo kwa mikono miwili, anasimama kila baada ya hatua kumi, halafu tano. Uso umempauka. Hapo ndipo saa ilipotetemeka mkononi mwa mzee, ikawasha taa, ikaandika pongezi. Kilometa mbili na nusu.

"Imelia," mama alisema, akihema. "Tumefika?"

Mbele yao njia ilipinda, na kwenye kona kulikuwa na kibao cha bati cheupe chenye mshale: SHULE, KM 1. Futikamba alikiona kabla yake. Na alifanya kitu ambacho mpaka leo akikikumbuka peke yake chumbani huguna kwa sauti. Aliliweka begi chini, akasogea, akasimama mbele ya kile kibao na koti lake pana, akakiziba.

"Bado kidogo tu," alisema.

Mama akaamini. Akavuta pumzi, akainua mguu, akapiga hatua tatu, na ya nne nyonga ikakataa. Hakuanguka kwa kishindo. Alishuka taratibu akiishikilia fimbo, mpaka magoti yakagusa udongo, na akatoa sauti ndogo aliyoitoa siku ile bafuni. Futikamba akamkimbilia, na kibao kikabaki wazi nyuma yake. Mama alikisoma akiwa chini.

Mkwe alipigiwa simu, akashuka mbio na walimu watatu na kiti cha ofisi ya walimu, kile chenye mikono. Mama alikataa. Akajaribu kuinuka mara mbili. Mara ya tatu alikaa kwenye kiti, akavuta mtandio akajifunika uso, na wanaume wanne wakambeba mlimani. Futikamba alifuata nyuma na begi la sweta. Walipoingia uwanja wa shule wanafunzi walijaa madirishani. Waliona bibi amebebwa kitini, wakadhani ni mgeni rasmi, wakampigia makofi. Walipiga makofi mpaka mlangoni, watoto wa watu, kwa heshima kabisa. Mtandio wa mama ulikuwa unatikisika, na mzee alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na utepe wake.

Mchana mama alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha binti yake, amemeza dawa, mjukuu wamemlaza ubavuni kwake. Alimtazama kwa muda mrefu. Pua ilikuwa yake. Kisha akaanza kuomba radhi, na hapo ndipo Futikamba alipojua kwamba yale ya njiani yalikuwa mwanzo tu.

"Nisameheni," alimwambia mkwewe. "Walimu wameacha vipindi kwa ajili yangu. Sijui nimefanyaje. Nyumbani tatu nilikuwa nazimaliza, muulizeni baba yenu. Labda nilideka. Mtaalamu nitamwambia ni uzembe wangu, yeye hana kosa."

"Mama, ni mlima tu," binti alisema.

"Siyo mlima. Ni mimi. Nimewaaibisha."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kimya, na Futikamba alijua kimya kile. Hakuna aliyemtuhumu. Angeweza kukaa pale akinywa chai, mlima ukabeba lawama, mguu ukabeba lawama.

"Hazikuwa tatu," alisema.

Wakamgeukia.

"Zilikuwa mbili. Mbili kasoro. Niliiandikia saa hatua ya ujana wangu, na ile hatua sina tena. Mguu wako hauna kosa, mke wangu. Ulikwenda palepale ulipozoea kwenda."

Mkwe, kwa wema wake, akaanza kueleza kwamba ni kosa la kawaida, kwamba hatua hufupika kwa umri, kwamba kifaa chenyewe... Mama aliinua mkono kumnyamazisha.

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Kabla sijakuuliza, au baada?"

Angeweza kusema baada. Neno lilikuwa jepesi, na hakuna shahidi zaidi ya soksi yenye chaki.

"Kabla," alisema. "Nilijua, ukaniuliza, nikakudanganya. Niliona haya."

Binti akamchukua mtoto, akatoka naye nje, na mumewe akamfuata. Mama alibaki anaangalia dari. Aliposema, sauti yake haikuwa ya ugomvi, na mzee angeshukuru kama ingekuwa.

"Miaka yote umenitangulia. Sokoni unanitangulia, kanisani, hospitali, mimi nyuma nakimbilia kama mtoto, sentimita zako sabini na sita. Kila asubuhi pale barabarani nilikuwa natazama viatu vyako. Niliona unavyofupisha hatua. Nikajisemea, huyu mtu hatimaye amejifunza kunisubiri. Hicho ndicho kilichokuwa kinanitembeza, siyo hiyo saa." Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Kumbe hicho ndicho ulichokuwa unakionea haya."

Futikamba alivua saa, na mkono ukabaki na alama nyeupe.

"Kesho," mama alisema, "chukua utepe wako ushuke mpaka pale kwenye kibao. Unipimie kutoka pale hadi mlango huu. Nataka kujua nimebebwa mita ngapi."

Na kesho yake alikwenda. Utepe wa mita tano, na njia yote ile. Alipiga magoti, akachora alama, akasogea, akapiga magoti tena, akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa. Alipofika uwanjani ilikuwa mapumziko, wanafunzi wakamzunguka kumtazama mzee anayetambaa, wengine wakacheka, na hakuwafukuza. Alipoingia chumbani suruali ilikuwa nyekundu kuanzia magotini.

"Mia tisa sitini na tatu," alisema.

Mama alikuwa anamvisha mjukuu sweta ya kijani. Hakumtazama.

"Na ushei?"

"Hakuna ushei, mke wangu."

Mama akafunga kifungo cha mwisho. Hakumwambia akae, na yeye hakukaa.